Herufi Saba za Fulana ya Kabamba

Kila asubuhi ya likizo Angèle alikuwa wa kwanza kutoka nje. Alifagia ua, akachota ndoo mbili za maji, kisha akamsaidia mama yake kutandaza chisense kwenye mikeka nyuma ya nyumba. Hao ni samaki wadogo wa Ziwa Mweru, wafupi kuliko kidole, na jua kali la siku moja linatosha kuwakausha. Lakini Desemba ile ya mwaka 1976 jua la Nchelenge, mji wao wa kando ya ziwa, halikuaminika. Lilitoka vizuri asubuhi, na ikifika saa saba mchana mawingu yalikuwa yameshafunika ziwa lote, na kila nyumba watu walikimbia na mikeka yao.

Angèle alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Baba yake alikuwa kwenye kisiwa cha Kilwa, ndani ya ziwa lile lile, akinunua samaki. Mama yake, Clémentine, aliuza samaki hao sokoni Kashikishi. Wazazi wote wawili walitoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, kabla Angèle hajazaliwa. Kwa hiyo nyumbani walizungumza Kiswahili, na wakitoka nje walizungumza Kibemba pamoja na majirani.

Mama alipokwenda sokoni, Angèle ndiye aliyemtunza mdogo wake, Kabamba. Mtoto huyo alikuwa karibu kutimiza miaka saba, na mwezi wa Januari angeanza shule. Alikuwa na furaha, ila jambo moja lilimsumbua. Nguo zake zote zilikuwa nguo za zamani za dada yake. Kulikuwa na blauzi yenye maua, nyingine yenye kola ya mviringo, na kaptula iliyoshonwa kutokana na sketi. Watoto wa mtaani walimcheka.

"Yaya," alimwuliza siku moja, maana ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa, "hata shuleni nitavaa maua?"

Swali hilo lilimkaa Angèle moyoni.

Wiki moja kabla ya Krismasi, mfanyabiashara mmoja alivuka na mzigo kutoka kwa shangazi Emilienne wa Lubumbashi. Ndani yake mlikuwa na fulana nyeupe ya Angèle, pamoja na karatasi yenye herufi nyekundu za kitambaa. Shangazi alikuwa ameandika maelezo: kata herufi, iweke juu ya nguo, funika kwa kitambaa chepesi, kandamiza kwa pasi ya moto, na gundi iliyo mgongoni itashika. Hivyo Angèle angeweza kuandika jina lake mwenyewe kifuani.

Alijaribu fulana. Haikupita hata mabegani. Shangazi alikuwa bado anamkumbuka akiwa mdogo.

Usiku ule, kabla ya kulala, aliipima kwa macho kwenye mgongo wa Kabamba aliyekuwa ameshasinzia. Ilimtosha kabisa. Akaamua hapo hapo: ataandika KABAMBA, na mdogo wake ataivaa siku ya Krismasi. Ingekuwa nguo ya kwanza ambayo haikuwahi kuwa ya mtu mwingine. Hakumwambia yeyote, maana Kabamba alikuwa na masikio makali, na siri nyumba ile haikudumu.

Kulikuwa na tatizo moja. Kwenye karatasi kila herufi ilikuwepo mara mbili tu, na KABAMBA ina A tatu. Angèle alifikiri siku nzima akiwa anafukuza kuku kwenye samaki. Mwisho akachukua V, akaigeuza juu chini, akakata kipande chembamba kutoka kwenye I na kukiweka katikati. Ikawa A. Alicheka peke yake kwa furaha.

Kilichobaki kilikuwa pasi. Fundi cherehani wa mtaa wao, Ba Davison, kama watu wazima wote walivyoitwa Ba kwa heshima, alikuwa na pasi nzito ya makaa yenye mfuniko na kishikio cha mbao. Angèle alimwendea siku mbili kabla ya Krismasi, akamweleza siri yake, na fundi akatabasamu.

"Chukua," alisema. "Lakini unapigia barazani. Makaa hayaingii ndani ya nyumba. Umesikia?"

"Ndiyo, mukwai," Angèle alijibu kwa heshima.

Onyo hilo halikuwa jipya kwake. Mama yake pia alikuwa amemkataza mara nyingi kuingiza mbaula ndani, yaani lile jiko la bati la makaa. Hakuna aliyewahi kumwambia sababu. Angèle aliamini ni kwa kuogopa moto usishike nyasi za paa.

Asubuhi ile Kabamba alikuwa amepita kwa bibi kizee wa nyumba ya pili, Ba Olipa, ambaye watoto wote walimwita Nkambo, yaani bibi. Nkambo Olipa alikuwa anachoma muhogo, akampa kipande kikubwa. Kabamba alirudi anatafuna, midomo yake myeusi kwa masizi. Mchana walikula ugali, mawingu yakaja, wakaingiza mikeka ya samaki mbiombio, na Kabamba aliyekuwa ameamka alfajiri akajilaza kwenye mkeka wa chumbani. Baada ya muda mfupi alikuwa anakoroma.

Huu ndio wakati Angèle aliokuwa anaungoja. Aliwasha mbaula barazani, akajaza makaa mekundu kwenye pasi, akatandika blanketi kuukuu juu ya meza ndogo. Alikuwa amebandika K tu wakati mvua ilipoanza. Haikuanza polepole. Upepo uliitupa barazani kwa mkupuo mmoja, maji yakarukia makaa, majivu yakapaa na kutua karibu na fulana nyeupe.

Angèle alishika fulana, akaangalia mlango. Aliwaza kuhusu nyasi za paa. Paa lilikuwa juu, na sakafu ilikuwa ya udongo. Kama ataweka mbaula katikati ya chumba, mbali na kuta, moto utashika nini? Hataiacha hata dakika moja.

Akaingiza meza chumbani alimolala Kabamba, akaingiza mbaula, akafunga mlango wa mbele; wa nyuma ulikuwa umeshafungwa. Upepo ulipuliza maji chini ya mlango, akaziba ule uwazi kwa gunia. Akafunga na dirisha la mbao. Chumba kikawa na joto zuri, na mwanga mwekundu wa makaa ulimtosha kuona alichokuwa anafanya.

A. B. A. Pasi ilipopoa aliongeza makaa mengine kutoka kwenye mbaula na kuyapepea kwa ungo mpaka yakawa mekundu. Alikuwa amefika kwenye M alipokumbuka kwamba mkeka mmoja wa samaki ulikuwa umebaki nje. Alitoka mbio, akafunga mlango nyuma yake, akakusanya samaki waliolowa na kuwahifadhi chini ya upenu wa nyuma. Kazi hiyo ilimchukua muda. Aliporudi ndani, joto lilimpiga usoni. Kichwa kilianza kumgonga kwenye paji la uso, na miguu ikawa mizito. Alidhani ni kwa sababu ya kukimbia kwenye mvua.

B. Kisha A ya mwisho, ile aliyoiunda mwenyewe. Aliikandamiza kwa uangalifu, akahesabu mpaka ishirini, akainua kitambaa. Herufi saba nyekundu, zimepinda kidogo, lakini zinasomeka hata kutoka mbali. Krismasi ilikuwa bado siku mbili, lakini hakuweza kungoja tena.

"Kabamba! Amka uone!"

Kabamba hakuamka.

"Kabamba, amka bwana, uone jina lako!"

Akainama, akamshika mkono. Mkono ulikuwa laini kama wa mwanasesere wa matambara, na alipouachia ulianguka. Shavu lake lilikuwa limelalia matapishi. Macho yalikuwa nusu wazi, yanaonyesha weupe mtupu.

Angèle aliruka hatua moja nyuma. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mbaula, katikati ya chumba, makaa yake mekundu yanawaka kimya. Hakujua bado kama ndiyo sababu. Alichojua ni kwamba alikatazwa, na kwamba mama atauliza.

Kwa hiyo alifanya jambo ambalo lilimwumiza kwa muda mrefu baadaye. Kabla ya kumgusa tena mdogo wake, alifungua mlango wa nyuma, akaitoa mbaula na kuificha chini ya upenu, akaifunika kwa karai. Akarudi kuchukua pasi, akaificha papo hapo. Akasukuma fulana chini ya godoro. Akafungua dirisha. Ndipo akapiga kelele.

"Jamani! Njooni! Kabamba haamki!"

Jirani wa karibu, Ba Eness, alikuja na kanga kichwani. Hakuuliza mengi. Alimwinua Kabamba, akamlaza begani, na wote wawili wakashika njia ya kliniki kwenye mvua kubwa. Njiani Kabamba aliguna mara moja. Angèle alikimbia nyuma yao bila viatu, anarudia jina la mdogo wake kimoyomoyo, kichwa kikimgonga kwa kila hatua.

Tabibu wa kliniki alikuwa Ba Goodson Mpundu, mwanaume mrefu aliyeunga miwani yake iliyovunjika kwa kipande cha plasta. Alimlaza mtoto kitandani, akamfunua macho, akasikiliza kifua, akagusa paji la uso.

"Hana homa," alisema kwa mshangao kidogo. "Leo nimeona watoto tisa, wote malaria, wote wanawaka moto. Huyu hana homa. Mutoto huyu amekula nini?"

"Muhogo!" alijibu Ba Eness haraka. "Nilimwona asubuhi kwa Ba Olipa, anakula muhogo wa kuchoma."

Uso wa Ba Goodson ulibadilika. Kila mtu pale ziwani alijua kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu, na kwamba ule mchungu unaweza kuua mtu usipolowekwa siku za kutosha.

"Katapika?" alimwuliza Angèle. "Wewe dada yake, niangalie. Alitapika?"

"Ndiyo, mukwai."

"Alikuwa wapi?"

"Alikuwa amelala ndani."

"Na wewe?"

Angèle alitazama sakafu. "Nilikuwa nafagia."

Maneno hayo mawili yalitoka kwa urahisi mpaka yeye mwenyewe alishangaa. Ba Goodson alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akageuka na kumwita muuguzi. Alisema lazima waoshe tumbo la mtoto. Muuguzi alileta beseni, mtungi wa maji, na mpira mrefu wa kahawia. Angèle aliutazama mpira ule na kuelewa kwamba wanataka kuupitisha mdomoni mwa Kabamba mpaka tumboni.

"Ni hatari kwa mutoto asiyekuwa na akili zake," Ba Goodson alimwambia muuguzi kwa sauti ya chini, "maji yanaweza kuingia kifuani. Lakini kama ni muhogo mchungu, tukingoja tutamkosa."

Hapo mama yao aliingia. Mtu alikuwa amempelekea habari sokoni. Kitenge chake kilikuwa kimegandamana na mwili kwa mvua, na bado alikuwa ameshika mkononi kopo la kupimia samaki. Alimwona Kabamba, akaliachia kopo likaanguka.

"Ni nini? Ni nani amemfanya nini?"

"Wanasema muhogo wa Ba Olipa," alisema Ba Eness.

Barazani watu walikuwa wamejaa kwa kukimbia mvua, na maneno hayo yalitoka nje kama moto kwenye nyasi kavu. Angèle aliyasikia yakirudi kupitia dirishani. Muhogo mchungu. Yule bibi. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Mwingine akasema, kwa nini awape watoto wa watu chakula kila siku, anataka nini kwao? Akasikia na neno baya kuliko yote, linalosemwa kuhusu vizee wanaoishi peke yao: mchawi.

Kisha watu wa barazani wakasogea kupisha njia. Nkambo Olipa alikuwa amefika.

Alikuja mwenyewe, akitegemea fimbo, mvua ikichuruzika kutoka kwenye kitambaa chake cha kichwa. Mkononi alibeba kikapu kidogo. Mama Clémentine alimkimbilia mlangoni.

"Ulimpa nini mutoto wangu?" alifoka. "Sema! Ulimpa nini?"

Bibi kizee aliegemeza fimbo ukutani. Aliweka kikapu juu ya benchi, akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na vipande vya muhogo wa kuchoma, vimepoa.

"Huu ndio huo," alisema. "Ni wa asubuhi, wa moto ule ule. Mimi nilikula, na wajukuu wa Ba Davison walikula." Akachukua kipande, akakiuma kwa meno machache aliyokuwa nayo, akatafuna. "Kama ni sumu, mimi ni mutu mzee, acheni nife hapa hapa mbele yenu."

Akameza. Akachukua kipande cha pili.

Ndani, Ba Goodson alikuwa ameshapaka mafuta kwenye ncha ya mpira, na muuguzi ameshika kichwa cha Kabamba.

Angèle alikuwa amesimama kati ya kitanda na mlango. Akigeuka kulia, aliona mpira. Akigeuka kushoto, aliona bibi kizee anatafuna muhogo mkavu mbele ya watu, machozi yakichanganyika na mvua usoni mwake.

"Si muhogo!"

Hakujua kwamba alikuwa amepiga kelele mpaka alipoona wote wamegeuka.

"Si muhogo. Ni mimi. Niliingiza mbaula ndani. Nilikuwa napiga pasi. Nilifunga mlango na dirisha kwa sababu ya mvua. Niliziba hata chini ya mlango. Sikuwa nafagia."

Ba Goodson aliweka mpira chini mara moja. "Mbaula yenye makaa ya moto? Kwa muda gani?"

"Tangu mvua ilipoanza."

"Na kichwa chako? Kinakuuma?"

"Ndiyo, mukwai. Sana. Na nataka kutapika."

"Makaa kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu," tabibu alisema. Alitoa mpira na beseni kwa mkono mmoja, akafungua dirisha la upande wa ziwa, akamwagiza muuguzi alete mtungi wa oksijeni kutoka chumba cha kujifungulia. Mtungi ulikuja ukiburutwa juu ya saruji kwa kelele nyingi. Ba Goodson alifunika pua na mdomo wa Kabamba kwa kifuniko cha mpira, akafungua koki. Sauti ndogo ya upepo ikasikika. Angèle aliambiwa akae karibu na dirisha na kuvuta pumzi ndefu.

"Mbaula ilikuwa wapi Ba Eness alipoingia?" Ba Goodson aliuliza akiwa ameshika mshipa wa mtoto. "Yeye hakuiona."

Hili lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza. "Niliificha," Angèle alisema. "Niliificha kwanza. Ndipo nikaita watu."

Mama yake alifumba macho.

Walingoja. Mvua ilipungua, ikazidi, ikapungua tena. Watu wa barazani waliondoka mmoja mmoja bila kuagana na Nkambo Olipa, ambaye aliketi kwenye benchi na kikapu chake. Ilipita saa nzima, na nusu ya saa nyingine. Angèle alihesabu pumzi za mdogo wake, akikosea na kuanza upya. Mara moja kifua kilikaa bila kupanda kwa muda mrefu, na mama akasimama. Kisha kikapanda.

Karibu saa kumi na moja jioni, vidole vya Kabamba vilikunja shuka. Alikohoa, akageuza kichwa, akajaribu kuvua kifuniko usoni.

"Kichwa," alilalamika kwa sauti ya usingizi. "Mama, kichwa. Nataka maji."

Mama alikaa sakafuni palepale alipokuwa amesimama, akalia kwa mara ya kwanza siku ile. Baadaye aliinuka, akatoka barazani, akapiga magoti mbele ya Nkambo Olipa, akapiga makofi polepole kama wafanyavyo watu wa kule wanapoomba msamaha.

"Mama, nimekukosea. Nimekupigia kelele mbele ya watu."

"Inuka," alisema Nkambo Olipa. "Ulikuwa unaogopa. Wewe ninakuelewa." Kisha akamtazama Angèle aliyesimama mlangoni, na hakutabasamu. "Mimi ninaishi mtaa huu tangu kabla ya barabara. Leo, kwa mchana mmoja tu, wameniita muuaji. Wewe ulikuwa unajua, mutoto, na ulinyamaza."

Angèle alipiga magoti pia. "Nisamehe, Nkambo," alisema mara tatu.

"Nitakusamehe," alisema bibi kizee. "Lakini maneno yale yameshafika mbali kuliko mimi ninavyoweza kutembea."

Mama alielewa. Kesho yake, siku moja kabla ya Krismasi, baada ya kumwangalia Kabamba kliniki, alimshika Angèle mkono, wakapita nyumba kwa nyumba. Kila mlango Angèle alisema maneno yale yale: muhogo wa Nkambo Olipa ulikuwa mzuri, mimi ndiye niliyewasha makaa ndani, nami ndiye niliyedanganya. Wengine walimhurumia, wengine walimkemea. Mwanaume mmoja, aliyekuwa mmoja wa wale wa barazani, alitazama miguu yake tu na kusema, "Haya, tumesikia." Ba Davison alichukua pasi yake, akaikagua, akasema kwa upole kwamba hatamwazima tena mpaka atakapokuwa mkubwa kuliko hivyo. Angèle aliona ni haki.

Walipomaliza nyumba ya mwisho, mama alisimama njiani.

"Nami nina kosa langu," alisema. "Nilikukataza miaka yote, wala sikukuambia kwa nini. Mama yangu pia alinikataza tu, na sikumwuliza."

Kabamba alitolewa kliniki asubuhi ya Krismasi, amepungua uzito lakini anaongea bila kupumzika. Alivaa fulana yake siku hiyo hiyo. Aligusa herufi moja baada ya nyingine na kidole, akauliza ipi inaitwaje, na kabla ya jioni alikuwa anazichora kwa kijiti kwenye mchanga. Angèle alimfundisha zote saba. Alifurahi kumwona, lakini kila alipoziangalia herufi zile nyekundu aliukumbuka mkono ule ulioanguka, na hali hiyo haikuisha haraka.

Mwezi wa Januari, Alhamisi ya kwanza, ilikuwa siku ya akina mama kupima watoto wachanga kliniki. Ba Goodson alituma ujumbe kumwita Angèle baada ya masomo. Alimkuta tabibu mbele ya wanawake zaidi ya thelathini walioketi kwenye mabenchi na sakafuni, watoto mgongoni na mapajani. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

"Nimewaeleza mara nyingi habari za makaa," alimnong'oneza. "Wananisikiliza kama wanavyosikiliza redio. Waambie wewe."

Angèle alitaka kukimbia. Lakini alisimama, akaanza na mvua ilivyorukia makaa barazani. Hakuacha kitu. Alisema jinsi chumba kilivyokuwa na joto zuri, na jinsi ambavyo hakukuwa na moshi wala harufu yoyote mbaya. Alisema kichwa kilivyomgonga na yeye akadhani ni uchovu. Alisema alivyoificha mbaula kwanza.

"Sasa mvua ikinyesha tupikie wapi?" aliuliza mwanamke mmoja aliyeketi mbele. "Kwenye mvua?"

"Chini ya upenu, mayo," alijibu Angèle, akimwita mama kwa Kibemba. "Kama lazima iwe ndani, mlango na dirisha viwe wazi wakati wote, na mtu asilale. Na makaa yakimaliza kupika, yatoke nje. Hata yakionekana yamekufa, bado yanatoa hewa ile ya sumu."

Nyuma kabisa, karibu na ukuta, mwanamke kijana aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni alisimama. Hakuaga mtu. Alifunga kitenge chake kwa nguvu, akapenya katikati ya magoti ya wenzake, akatoka na kukimbia kwenye mvua kuelekea nyumba za chini, upande wa ziwa. Wanawake waligeuka wote kumtazama mpaka alipopotea.

"Ana watoto wengine wawili nyumbani," mmoja wao alisema taratibu. "Amewaacha na nyanya yao. Bibi huyo hupenda kuota moto ndani ya nyumba."

Ba Goodson alimtuma muuguzi amfuate yule mwanamke, kisha akaweka mkono wake begani mwa Angèle.

"Mmesikia," aliwaambia wanawake. "Huyu mutoto alipofunga mlango, hakujua anafanya nini. Kosa la kutojua linapata mutu yeyote, hata mimi tabibu. Lakini alipoificha mbaula, pale alijua, na dakika zile zingeweza kumchukua mdogo wake na kuharibu jina la mama mzee asiye na hatia. Kilichomwokoa Kabamba ni kwamba dada yake alikubali aibu mbele ya watu wote, wakati bado kuna muda wa kutibu. Ukikosea, sema. Sema upesi, hata kama mdomo unatetemeka. Mimi nina dawa kidogo na mtungi mmoja wa oksijeni, lakini siwezi kumtibu mutu kwa ugonjwa niliofichwa."

Akamrudishia Angèle mkoba wake wa shule, na kumwambia akae, ale kipande cha mkate, angoje mvua ikatike.

Lakini Angèle hakukaa. Alisimama kwenye ukingo wa baraza pamoja na akina mama, akitazama njia ya nyumba za chini, mpaka muuguzi alipoonekana anarudi polepole kwenye matope. Bado alikuwa mbali alipoinua mkono juu na kuupunga.

"Wazima!" aliita. "Wote wazima! Tumefungua milango!"